Mashine ya Kuoshea Tangi Imegoma Kuzunguka: Mwongozo Kamili wa Kuikagua, Kuifungua na Kuirudisha

Fundi ameifungua mashine, ameisafisha ikang'aa, ameirudisha, maji yamefunguliwa, na haizunguki. Au inazunguka siku chache kisha inaganda. Malalamiko haya hayaishi kwenye viwanda vya maziwa, juisi na bia. Mara nyingi kosa halikufanyika wakati wa kurudisha bali mwanzoni kabisa: mashine ilifunguliwa kabla ya kujulikana inasumbuliwa na nini, ikalazimishwa kwa nguvu, na vipande vikachanganywa.

Ninayoizungumzia hapa ni mashine inayoning'inia ndani ya tangi, yenye nozeli (midomo ya kurushia maji) mbili hadi nne, inayozungushwa na maji yanayopita ndani yake. Maji yakiingia juu yanasukuma tabaini, yaani kile kigurudumu chenye mapanga. Tabaini inaendesha gia, na gia zinapunguza kasi huku zikizungusha mwili wa mashine upande mmoja na kichwa cha nozeli upande mwingine. Ndiyo maana maji hupiga kila kona ya tangi badala ya kuchora mstari uleule.

Matangi ya petroli na kemikali zinazowaka sijayagusa. Huko kuna umeme tuli na mvuke unaolipuka, na kazi ile ina taratibu zake. Mashine zenye gia zilizofungiwa ndani ya oili nazo zina utaratibu mwingine.

## Vitu vya kuandaa kabla hujagusa nati

Kusanya vyote kwanza. Ukianza kutafuta spana mashine ikiwa wazi, utaokota chochote kilicho karibu, na hapo ndipo thredi zinapokufa.

- Kitabu cha mashine, cha modeli hiyohiyo. Kama kimepotea, soma namba iliyogongwa kwenye mwili wa mashine uombe kingine kwa msambazaji.
- Spana za saizi kamili na zile maalumu zinazokuja na mashine. Spana malaya na koleo la bomba viache stoo.
- Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia.
- Jiriwa lenye vipande vya plastiki ngumu, shaba au mbao laini kwenye midomo yake.
- Nyundo ya plastiki au ya mpira.
- Kalipa, na fila geji (vibao vyembamba vya kupimia nafasi).
- Kitambaa cheupe kikubwa, trei yenye kingo na vikopo vidogo vyenye lebo.
- Simu ya kupigia picha na kalamu ya wino usiofutika kirahisi.
- Brashi ya nailoni, na asidi ya sitriki au dawa ya asidi inayotumika kiwandani.
- Seti mpya ya oringi (pete za raba za kuziba maungio) na bushi (mikono midogo ambayo shafti huzunguka ndani yake). Usifungue mashine kama seti hii haijafika.
- Grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwenye vyakula, na dawa ya kuzuia thredi za stenlesi kung'ang'aniana, nayo ya daraja la vyakula.
- Glovu za kemikali, miwani inayofunga pembeni, buti na aproni.
- Kufuli lako mwenyewe na kibao cha onyo.

## Hatua ya 1: Ikague ikiwa bado inafanya kazi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko zote. Mashine nyingi zinazofunguliwa hazina tatizo lolote ndani. Tatizo liko kwenye maji yanayozifikia.

Anza na presha. Geji iliyo kwenye pampu haikwambii presha iliyopo kwenye mashine. Kila mita 10 za kupanda hula takribani ba 1 (ba ni kipimo cha presha), na bado kuna kona, valvu na chujio njiani. Tangi la mita 8 lenye bomba jembamba linaweza kuonyesha presha nzuri chini huku mashine juu ikipata kidogo sana. Weka geji karibu na mashine kadiri inavyowezekana, usome maji yakiwa yanapita.

Kisha fungua chujio la kwenye mstari. Likiwa limejaa vipande vya gasketi, mchanga au nyuzi za tepu ya tefloni, umeshapata jibu. Tepu ya tefloni ni adui mkubwa wa mashine hizi: fundi wa bomba huizungusha kwa wingi, inakatika, inasafiri na maji, inajiviringisha kwenye shafti ya tabaini.

Halafu pima mzunguko. Tia alama nozeli moja kwa akili yako, tazama kupitia dirisha la tangi au sikiliza kutoka nje. Mkondo ukigonga ukuta wa tangi unatoa mlio, ukihama mlio nao unahama. Hesabu sekunde mpaka urudi pale ulipoanzia, ulinganishe na kitabu kwa presha hiyo.

Unachosikia kinakupa mwelekeo:

- Mlio uko palepale, hauhami. Imesimama kabisa. Kuna uchafu kwenye tabaini au gia, au bushi imevimba.
- Inahama kwa kukwama na kuruka. Mara nyingi ni jino la gia lililoliwa au gololi iliyovunjika.
- Inazunguka polepole kuliko kawaida, presha iko sawa. Bushi zimelika na shafti imelala upande, au tabaini inagusa ukuta.
- Inazunguka kasi mno. Angalia kama mtu amebadilisha nozeli au kifaa cha kuongoza maji kilicho juu ya tabaini. Vitu hivi viwili hupangwa kwa pamoja.
- Mkondo mmoja ni dhaifu. Nozeli imeziba.

Jambo moja linawachanganya wengi: mashine nyingi za aina hii huvujisha maji kidogo kwenye maungio yanayozunguka, nazo zimeundwa hivyo kwa makusudi. Maji hayo ndiyo yanayolainisha beringi na kuosha mwili wa mashine kwa nje. Ukijaribu kuzuia uvujaji huo kwa kuongeza oringi au kubana zaidi, utaua mashine iliyokuwa nzima.

Umefanikiwa ikiwa: una karatasi yenye presha kwenye mashine, hali ya chujio, sekunde za mzunguko mmoja, na dhana moja au mbili za tatizo. Bila hiyo, usiendelee.

## Hatua ya 2: Zima, funga, poza

Mfumo wa kuosha unaojiendesha hauna subira. Programu ikifika zamu yake, pampu inawaka na kostiki (soda kali ya kuoshea) ya nyuzijoto 75 za Selsiasi inatoka, awe mtu yupo au hayupo. Kubonyeza kitufe cha kusimamisha hakutoshi.

1. Osha mstari mzima kwa maji safi mpaka maji yanayotoka yawe hayana kostiki wala asidi. Pima kwa karatasi ya pH, usitegemee macho.
2. Zima umeme wa pampu kwenye swichi kuu, weka kufuli lako, ufunguo ukae mfukoni mwako. Kama mpo wawili, kufuli ni mbili.
3. Funga valvu ya kuingilia, nayo ipigwe kufuli. Kama ni valvu ya upepo, toa upepo wake.
4. Fungua sehemu ya chini kabisa ya mstari, presha iishe. Hakikisha geji inasoma sifuri, kisha jaribu kuwasha pampu kwa makusudi ili uone kwamba haiwaki.
5. Subiri tangi lipoe.

Mashine nyingi hutolewa kutoka juu, kupitia tundu la kwenye paa la tangi, bila mtu kuingia ndani. Tumia njia hiyo ukiweza. Ikibidi kuingia, tangi hilo ni nafasi finyu na si mahali pa kuingia kwa ujasiri. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 hakuna anayeingia. Kwenye matangi ya bia hatari ni kabonidioksidi, ambayo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini pale miguu inapofika kwanza. Pima juu, katikati na chini. Awepo mtu nje muda wote, na mtu huyo hana ruhusa ya kuingia kumfuata mwenzake akianguka. Kazi yake ni kuita msaada na kuvuta kamba. Waokoaji wanaokimbilia ndani bila vifaa ndio wanaoongeza idadi ya vifo.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina ya kwake ya 2007. Zote zinamwajibisha mwajiri kwa usalama wako. Kama hakuna kipimo cha hewa wala kibali cha maandishi, kataa kuingia.

## Hatua ya 3: Itoe tangini

Mashine ya stenlesi ni nzito kuliko inavyoonekana, na ikiponyoka inatoboa au kukwaruza sakafu ya tangi. Mkwaruzo mmoja kwenye uso laini wa stenlesi ni maskani ya bakteria kwa miaka.

Funga kamba kwenye bomba la juu kabla ya kulegeza klampu ya mwisho. Inyanyue wima, polepole. Usiishike kwa nozeli wala kuitumia nozeli kama mpini, kwa sababu ukiizungusha kwa nguvu unazilazimisha gia zote zirudi nyuma, na meno ya gia ndogo hayavumilii hilo.

Ikishatoka, ziba tundu la tangi kwa kifuniko safi papo hapo. Panya, vumbi na nati zilizodondoka zote huingia kwenye dakika zile unazosema narudi sasa hivi.

## Hatua ya 4: Ioshe nje, iguse, iwekee alama

Isugue kwa maji ya vuguvugu na brashi ya nailoni. Usitumie brashi ya chuma cha kawaida: inaacha chembe za chuma ambazo hushika kutu juu ya stenlesi, na baada ya wiki utadhani stenlesi yenyewe imeoza.

Sasa izungushe tabaini kwa kidole kupitia mdomo wa kuingilia. Inapaswa kuwa nyepesi. Shika mwili wa chini uutikise kushoto na kulia, kisha juu na chini. Mchezo mdogo ni wa kawaida, lakini ukisikia inagonga, bushi au beringi zimekwisha. Andika.

Piga picha pande nne. Kwa kalamu, chora mstari unaopita kwenye kila ungio, ili sehemu mbili zilizokuwa zinatazamana zirudi kutazamana. Nozeli zipe namba 1, 2, 3, 4 pamoja na mahali pake kwenye kichwa. Zinafanana, ndiyo, lakini kama moja imelika zaidi utataka kujua ilikuwa upande gani.

## Hatua ya 5: Ifungue, kutoka juu kwenda chini

Kwa mashine nyingi njia salama ni kuanza pale maji yanapoingilia, ufuate njia ya maji mpaka kwenye nozeli. Kitabu chako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Ifunge kwenye jiriwa lenye midomo laini, ukiibana kwenye sehemu nene ya bapa. Ukiibana kwenye mwili wa mviringo, duara linakuwa yai. Hutaliona kwa macho, ila gia zitalijua.

### Thredi: soma hapa kabla ya kukaza mkono

Mashine hizi hutumia thredi za kulia mahali pengine na za kushoto mahali pengine. Thredi ya kushoto huwekwa pale ambapo mzunguko wa kazi ungelegeza nati ya kawaida. Inafunguka kwa kuzungusha kufuata mshale wa saa. Fundi asiyejua anavuta kushoto, nati haitoki, anaongeza bomba kwenye spana, nati bado haitoki, anaongeza mtu. Kila anapovuta anakaza.

Kwa hiyo: nati isipolegea kwa nguvu ya kawaida ya mkono mmoja, simama. Fungua mchoro kwenye kitabu, tafuta maelezo ya nati hiyo. Kama kitabu hakipo, safisha ungio utazame kwa tochi thredi inayoonekana ukingoni: ya kulia hupanda kuelekea kulia ukiisimamisha wima, ya kushoto hupanda kuelekea kushoto.

Tatizo la pili ni tabia ya stenlesi. Stenlesi ikisuguana na stenlesi chini ya mkazo, uso wake unakwanguka na thredi zinaungana kama zimechomelewa. Kasi na joto vinaongeza hatari. Ndiyo maana spana ya umeme au ya upepo haina nafasi hapa. Nati ikianza kutoka halafu ikawa ngumu ghafla, usiendelee kuvuta: irudishe robo mzunguko, tia maji ya moto au mafuta ya kupenya, subiri, kisha uiendeshe mbele na nyuma kidogokidogo mpaka iachie. Ukoko wa chokaa au wa maziwa ndiyo unaong'ang'ania mara nyingi. Loweka sehemu hiyo kwenye asidi ya sitriki ya vuguvugu kwa saa kadhaa, na kazi iliyohitaji watu wawili itafanywa na vidole.

Usiichome kwa moto wa gesi. Oringi na bushi za plastiki zitaharibika, na tefloni ikipata joto kali hutoa moshi wa sumu.

### Sehemu ya juu: kiongozi cha maji na tabaini

Toa mdomo wa kuingilia, kisha kifaa kinachoongoza maji, kisha tabaini. Kuishikilia tabaini isizunguke, tumia mkono wenye kitambaa au kifaa chake maalumu. Bisibisi iliyochomekwa kati ya mapanga inapinda panga moja, na panga lililopinda linafanya tabaini iyumbe, iyumbe tena, mpaka imalize bushi ya juu.

Mpangilio wa kiongozi cha maji na tabaini hutegemea saizi ya nozeli. Usichukue kimoja kutoka mashine nyingine kwa sababu tu kinaingia.

### Sehemu ya kati: gia

Piga picha kabla ya kutoa kila kipande, si baada. Angalia washa nyembamba zilizo chini ya gia. Ni nyembamba kama karatasi na hunata chini ya gia kwa unyevu, hivyo hutoka bila kuonekana na kuishia kwenye ndoo ya maji machafu. Washa hizo ndizo zinazoamua meno yanakutana kwa kina gani. Ikikosekana moja, gia zinabanana au zinarukiana, na hapo ndipo mashine safi kabisa inapogoma kuzunguka.

Kila kipande ukikitoa, kiweke kwenye kitambaa cheupe kwa mstari, kushoto kwenda kulia, upande uliokuwa juu ukibaki juu.

### Sehemu ya chini: kichwa cha nozeli

Weka trei chini kabla ya kulegeza. Mashine nyingi zina gololi zinazotembea kwenye mfereji wake, na zitamwagika. Zihesabu zikiwa kwenye trei, andika idadi. Toa nozeli mwisho, na bisibisi isiingie kwenye tundu la nozeli; mkwaruzo mdogo kwenye mdomo wake unautawanya mkondo.

Umefanikiwa ikiwa: mtu mwingine akitazama kitambaa anaweza kukueleza mpangilio wa mashine bila kukuuliza, na hakuna kipande kilichokatika.

## Hatua ya 6: Safisha vipande

Mafuta na protini huondoka kwa kostiki. Ukoko wa maziwa na chokaa ya maji magumu huondoka kwa asidi. Anza na kostiki nyepesi ya asilimia 1 hadi 2, suuza kabisa, kisha asidi. Ukianza na asidi juu ya mafuta, asidi haiufikii ukoko.

Tahadhari tatu, na zote ni za uhai wako au wa mashine:

- Asidi isikutane na klorini kamwe, hata kwenye ndoo iliyosuuzwa nusunusu. Inatoa gesi ya klorini.
- Mimina asidi kwenye maji, usimimine maji kwenye asidi.
- Asidi ya hidrokloriki, ile inayouzwa kwa kusafishia vigae na vyoo, usiitumie. Kloridi hutoboa stenlesi vishimo vidogo visivyozibika.

Kwa sababu hiyohiyo, viwanda vya pwani vinavyotumia maji ya kisima yenye chumvi visuuze vipande kwa maji safi mwishoni na kuvikausha. Maji ya chumvi yakibaki ndani ya mashine iliyolala wikendi nzima yanafanya kazi ileile ya hidrokloriki, taratibu.

## Hatua ya 7: Pima, kisha amua

Bushi. Pima kipenyo cha ndani kwa kalipa mahali pawili panapokatana. Kikitofautiana, bushi imekuwa yai. Linganisha na kikomo cha kitabu. Bushi ni za bei rahisi. Ukiwa na shaka, badilisha.

Shafti. Pitisha ukucha taratibu kwa urefu. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, bushi mpya haitasaidia, kwani shafti hiyo itaila. Hapa ndipo watu wengi hutupa hela: wanabadilisha bushi mara tatu kwa mwaka na shafti ni ileile.

Gia. Geuza jino moja kuelekea kwenye mwanga. Jino zima lina kichwa bapa. Jino lililolika limechongoka kama ncha ya penseli, na upande mmoja unang'aa kuliko mwingine. Gia zikishachongoka zibadilishe kwa jozi, kwa sababu gia mpya ikikutana na ya zamani, ya zamani inaiharibu.

Gololi. Zikiwa na madoa, bapa au rangi ya kijivu isiyong'aa, toa zote uweke mpya. Usichanganye mpya na za zamani: mpya ni kubwa kidogo, hivyo zitabeba mzigo wote peke yake.

Tabaini. Angalia kingo za mapanga. Alama za mviringo ukutani mwa chumba chake zinaonyesha kwamba inagusa, na chanzo si tabaini yenyewe bali bushi iliyolika.

Nozeli. Pima tundu la kila moja. Mchanga unazitanua taratibu, na nozeli iliyotanuka inashusha presha ya mashine nzima. Kuna wanaotoboa nozeli ili maji yatoke kwa wingi. Maji yanaongezeka kweli, nguvu ya kugonga ukuta inapotea, na tangi linabaki chafu kwenye kona za mbali.

Mwili. Tafuta nyufa kwenye pembe na kwenye machomeleo. Ufa ukiwepo, mashine hiyo hairudi tangini.

## Hatua ya 8: Oringi si raba tu

Oringi nyeusi zote zinafanana, lakini hazivumilii vitu vilevile. Raba ya aina ya EPDM inastahimili kostiki ya moto na mvuke vizuri, lakini mafuta ya petroli yanaivimbisha. Ya aina ya FKM inapenda mafuta na haipendi kostiki ya moto. Ya NBR, ile ya kawaida inayouzwa madukani, inachoka haraka kwenye joto na kemikali za kuoshea.

Kwa hiyo usipake grisi ya gari wala vaselini kwenye oringi ya EPDM. Itavimba ndani ya siku chache, itabana shafti, na mashine itasimama huku kila mtu akiapa kwamba ilirudishwa sawasawa. Tumia grisi ya silikoni, kiasi cha kuilowesha tu.

Gia na beringi zisizo ndani ya oili usizipake grisi kabisa. Zinalainishwa na maji ya kuoshea, na grisi inakusanya mchanga na kuuweka pale usipotakiwa.

## Hatua ya 9: Irudishe, ukiizungusha kila hatua

Fuata kitambaa kutoka kulia kwenda kushoto, picha zikiwa mbele yako. Sheria ni moja: baada ya kila kipande, zungusha kwa mkono. Ilikuwa nyepesi, umeweka gia, imekuwa nzito? Tatizo ni gia hiyo au washa yake, na unalijua sasa hivi. Ukisubiri mpaka mashine nzima ifungwe, utalazimika kuifungua yote.

Pakaa dawa ya kuzuia kung'ang'ania kwenye thredi za stenlesi, kidogo. Anza kila nati kwa vidole, angalau mizunguko miwili, kabla ya kuigusa kwa spana. Isipoanza kwa vidole imeingia mshazari, itoe. Kaza mwisho kwa spana ya toki kwa kiwango cha kitabu. Palipoandikwa pini au washa ya kufungia, weka mpya.

Umefanikiwa ikiwa: alama za kalamu zinatazamana, hakuna kipande kilichobaki kwenye trei, na tabaini inazunguka kwa kidole bila kukwama kwenye pembe yoyote. Ipe mizunguko mingi. Jino bovu hukutana na mwenzake mara moja tu katika mizunguko kadhaa.

## Hatua ya 10: Ijaribu kwa maji ya baridi

Kabla ya kuirudisha, fungua maji yapite kwenye mstari bila mashine, ndani ya ndoo au mfereji. Takataka zilizoingia wakati wa kazi zitoke sasa.

Funga mashine ndani ya tangi, mlango ufungwe. Usiijaribishe hewani huku watu wamesimama. Mkondo wa ba kadhaa unaumiza jicho na kurusha vitu. Fungua valvu polepole. Ukiifungua ghafla bomba linapiga nyundo ya maji, na mapanga ya tabaini ndiyo yanayopokea pigo.

Usiipulize kwa hewa ya kompresa, iwe ni kuijaribu au kuikausha. Hewa haina upinzani wa maji. Tabaini inapaa kasi na bushi kavu zinaungua kwa muda mfupi.

Ukianza mzunguko wa moto, hakikisha tundu la hewa la tangi liko wazi. Tangi la moto lililofungwa likipigwa maji ya baridi, mvuke unageuka maji ghafla, ombwe linatokea na ukuta wa tangi unaingia ndani kama kopo lililokanyagwa. Kwenye bia, kostiki ikikutana na kabonidioksidi iliyobaki inafanya vivyo hivyo hata bila joto.

Pima tena sekunde za mzunguko na presha, ulinganishe na karatasi ya hatua ya kwanza. Ukitaka uhakika kwamba maji yanafika kila mahali, nyunyizia ndani ya tangi mchanganyiko wa riboflavini (vitamini B2), gramu 0.2 kwa lita moja ya maji, kisha osha kwa maji ya baridi na umulike kwa taa ya urujuanimno gizani. Popote penye mng'ao wa manjano ya kijani maji hayakufika. Mara nyingi ni nyuma ya mkono wa kuchanganyia au chini ya shingo ya tundu la kuingilia mtu, na hapo tatizo ni mahali mashine ilipofungwa, si mashine yenyewe.

## Baada ya kazi

Kagua tena baada ya kuosha kwa moto mara ya kwanza. Joto linatanua vyuma na plastiki kwa viwango tofauti, na klampu iliyokuwa imekaza baridi inaweza kulegea.

Andika kwenye daftari la mashine hiyo: tarehe, saa ilizofanya kazi, vipande vilivyobadilishwa, vipimo vya bushi na sekunde za mzunguko. Watengenezaji wengi hupanga ukaguzi kila baada ya saa mia chache za kazi, lakini maji yenye mchanga au chokaa nyingi hayafuati ratiba hiyo. Daftari lako ndilo litakaloonyesha kwamba bushi za tangi namba 3 zinakwisha mapema kuliko za tangi namba 1, na kwamba chujio la tangi namba 3 limetoboka.

Agiza seti nyingine ya oringi na bushi siku hiyohiyo, kwa namba ya mashine iliyogongwa kwenye mwili, ukiandika pia kipenyo cha nozeli zilizomo.